Mistari ya Kalamu kwenye Mkanda

Kraaaa. Ndivyo ulivyolia ule mkanda wa tumbo kila ulipobanduliwa. Hata leo nikisikia mtu anafungua kiatu cha mtoto, kile cha kunata, mkono wangu hukimbilia tumboni kabla akili haijajua ni nini.

Nilijifungua kwa upasuaji. Mama mkwe akashuka kutoka mlimani Meru na mkungu wa ndizi, maziwa ya mgando na kanga mbili za kunifunga. Kila asubuhi alinilaza, akafungua kanga, akainama kuangalia mshono kwa karibu kabisa hadi nikaisikia pumzi yake. Halafu alinifunga upya na kupitisha kiganja kati ya kanga na ngozi.

"Mkono wangu ukikwama, nimekubana sana," alisema.

Niliona aibu. Mama mkwe akuchungulie chini ya kitovu, utaweka wapi uso? Kahawa ilipoanza kuiva ikabidi arudi. Mlangoni akaniambia, "Usihangaike kuangalia tumbo limepungua wapi. Angalia kidonda, kila siku."

"Ndiyo, mama."

Hata jioni haikufika, nilikuwa nimeshagonga kwa dada mshonaji, chumba cha tatu kutoka changu, kwenye ua wetu wa wapangaji hapo mjini Kaloleni. Yeye ndiye aliyekuwa na mkanda. Kila mwanamke wa ua wetu aliyezaa aliazimwa, akaufua, akarudisha. Upande mmoja ulikuwa na manyoya laini, mwingine vijino vya kunasa, na kila aliyeuvaa alichora mstari wa kalamu pale ncha ilipofika kila wiki, kwa rangi yake. Bluu, nyekundu, nyeusi. Ukiutandaza kitandani unaona matumbo ya ua mzima yalivyorudi.

Mimi ni mtu wa kuota mchana. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kwa kuota nina digrii. Nilishajiona kanisani siku ya ubatizo wa binti yangu, nimevaa gauni la kitenge nililoshonewa kabla ya mimba, watu wanaulizana huyu ndiye mzazi kweli.

"Gauni hilo silitanui," dada mshonaji akanitania. "Lifuate wewe."

Nikachagua kalamu ya pinki. Hapo ndipo nilipoona kwamba mistari ya kijani ilikuwa miwili tu. Wenzake wote walifika sita, saba.

"Dada, huyu wa kijani alichoka mapema?"

"Alihama." Akakata uzi kwa meno, akaniuliza kama mtoto ananyonya vizuri.

Ulikuwa msimu wa baridi, wingu limeukalia Meru siku nyingi hata ukasahau kuna mlima. Nguo hazikauki. Wenzangu walichora mstari kwa wiki, mimi wiki yangu ilikuwa na siku mbili. Nilivuta pumzi, nikavuta na mkanda. Nililala nao. Kufungua niangalie mshono niliona ni kupoteza kazi niliyokwisha kufanya.

Mtoto akaanza kugeuza uso nikimpakata. Nikasema ni gesi. Kanga zikanuka, nikasema ni maziwa yamechacha, nikazifua mara mbili. Jumapili mume wangu, ambaye kazi yake iko Kisongo na haji nyumbani ila wikiendi, alisimama katikati ya chumba akanusa.

"Humu kuna panya amekufa."

Tukasogeza kitanda, tukasogeza kabati. Mimi ndiye niliyemmulikia kwa tochi ya simu, nacheka, nasema panya wa mjini wanakufa na siri zao. Hatukumpata. Kila nilipomsogelea mume wangu alisema, "Yuko hapa karibu."

Kesho yake, mume wangu ameshaondoka, nilikuwa natetemeka, nikasema ni baridi. Nikaubana mkanda, nikachukua kalamu nichore mstari wa nne. Wino haukushika. Nikarudia, ncha ikateleza tu. Nikagusa kitambaa, nikakuta kimelowa, na vidole vilivyorudi vilikuwa na kitu cha njano.

Nikaubandua. Kraaaa, halafu ukakwama. Ulikuwa umegandia kwenye mshono.

Dada mshonaji alimfunga mtoto wangu mgongoni, akanishika mkono mpaka hospitali. Tumekaa kwenye benchi tukisubiri, akaongea huku anatazama ukuta.

"Yule wa kijani hakuhama. Alikuwa mdogo wangu."

Nikageuka kumtazama.

"Tulisema ni malaria. Homa ilimwanza hivi hivi, ameshachora wa pili. Hakuna aliyemfunua mpaka tulipomwosha kwa mazishi." Akampigapiga mtoto makalioni taratibu, ingawa mtoto alikuwa amelala. "Na mimi nikaendelea kuwaazima."

Nesi aliyenisafisha hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Alisema mkanda wenyewe hauna kosa, unasaidia mtu kusimama na kukohoa bila maumivu. Lakini mshono uwe mkavu, uangaliwe kila siku, na ukitaka kulala uuvue. "Huku chini mshono umefunguka," alisema. "Ungekaa siku mbili zaidi nisingependa kukupokea mimi." Nililazwa. Kila asubuhi walikiosha kidonda, na kila asubuhi nilihesabu vigae vya dari nikijiuliza kama binti yangu atakuja kuijua sauti yangu.

Ataijua. Ubatizo ulisogezwa, nikaenda na dera pana, mama mkwe ubavuni. Alikuwa amerudi na kanga zake. Alipoinama kunitazama safari hii sikufunika uso.

Mkanda niliufua kwa maji ya moto, nikauanika. Jirani wa chumba cha kwanza alikuwa mwezi wa tisa, ameshauulizia, ameshanunua na kalamu ya zambarau. Dada mshonaji akaniambia, "Fanya unavyoona. Mimi siwezi kuushika."

Mchana, mtoto amelala, nilifunga mlango, nikautandaza mkanda kitandani. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua manyoya laini, uzi baada ya uzi, kuanzia pale mstari wa pili wa kijani ulipoishia. Bluu ikatoka, nyekundu ikatoka, na pinki yangu. Ile miwili ya kijani nikaiacha.

Nilipomaliza nilijaribu kuubana kupita hapo, kama jirani atakavyojaribu. Vijino havikupata cha kushika. Ukateleza, kimya.