Gari la Kumshusha Mama Mkwe

Gari lilipofika Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kutoka bandari ya Mombasa, majirani walilizunguka wakakosa namna ya kuliita. Halikuwa gari la chini kama yale ya maofisa, wala halikuwa jipu la jeshi. Lilikuwa fupi, la mviringo mviringo, lina milango minne, na gurudumu la akiba lilibebwa mgongoni kama mtoto. Nilikuwa na duka la vipuri vya baiskeli kando ya barabara ya Iganga, na muuza nyama wa mkabala alivuka akiwa bado ameshika kisu chake.

"Bwana," aliniuliza, "hili litakua zaidi, au ndiyo limefika?"

Niliwaambia linavuta kwa magurudumu yote manne. Ilibidi wahakikishe. Wanaume wazima walilala chini na mashati yao, wakachungulia tumboni, wakaoneshana vyuma wasivyovijua.

Mke wangu hakuchungulia. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa, akapapasa kiti kwa kiganja, akasema, "Sasa mama atashuka."

Mama yake aliishi mlimani juu ya Mbale, katika migomba na kahawa, mahali ambapo pikapu za wanunuzi wa kahawa ziliishia kijitoni, na kutoka kijitoni hadi nyumbani ni mwinuko wa kukata pumzi. Macho yake yalikuwa yameanza kuota ukungu mweupe. Daktari wa macho wa Jinja alikuwa amemweleza mke wangu kwamba ukungu ule hutolewa na mtu akaona tena, ila aletwe mapema. Ukiachwa uive kupita kiasi, jicho hujaa presha na kufa lenyewe. Yule mama hakuweza tena kuteremka kwa miguu, maana mawe hakuyaona. Kubebwa kwa machela alikuwa amekwisha kukataa. Wanaobebwa, alisema, ni maiti na wenye uchungu wa kuzaa, na yeye si mmojawapo.

Kwa hiyo gari lile lilinunuliwa kwa ajili ya macho yake. Siku ile nilielewa hivyo kabisa. Baadaye nikajisahaulisha.

Safari ya kwanza tulifika kijitoni vizuri. Ng'ambo yake, katikati ya njia, palikuwa na jiwe lililotokeza mgongo kama kiboko. Gari likalikalia kwa tumbo, magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alishuka kutoka nyumbani na watu, wakatusukuma nyuma. Alilitazama jiwe, akalipiga teke.

"Shemeji, hili ni la majembe na nyundo tu. Rudi wiki ijayo, utakuta hakuna."

Nilimtazama kama mtu aliyenitukana. "Barabara haibadilishwi kwa ajili ya gari," nilimjibu, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Gari ndilo hubadilishwa."

Ndivyo nilivyoanza kwenda gereji. Ilikuwa Mbale, upande wa viwanda, ndani ya ua wenye mapipa na malori yaliyolala bila injini. Fundi alikuwa Mnubi mnene mwenye kofia ya kufuma, na aliposikia kwamba nimekulia kwenye nyumba za askari magereza Jinja, akaniita afande tangu siku hiyo. Kila Jumamosi nilimwacha mke wangu kwa dada yake, mtaa wa Namakwekwe, nikaenda kukaa juu ya tairi kuukuu, na fundi akanimiminia kahawa ya tangawizi kutoka kwenye birika lake.

Tulianza na springi. Alikata vipande vya bomba nene la chuma, akaviweka juu ya kila springi, gari likainuka kama mtu anayechungulia ukuta. Nikaona ni zuri. Kisha tukaleta tairi za pikapu, na kwa kuwa zilikuwa zinakwaruza, tukakata bodi juu ya magurudumu. Likafuata bamba la chuma la kukinga tumbo, na bampa la bomba ambalo lingeweza kusukuma ng'ombe. Bomba la injini la kuvutia hewa tulilipandisha hadi paani, kana kwamba kile kijito kilichofika magotini kilikuwa Mto Nile.

"Afande, hapa panatosha," fundi alisema mara ya pili tulipoongeza kimo.

"Ongeza kidogo."

"Likizidi hapa, kwenye lami litacheza ngoma."

"Acha licheze."

Alivua kofia akajikuna. "Walahi, wewe hutaki gari. Unataka kuonekana kutoka Kenya." Lakini akaongeza, maana naye alikuwa anafurahi kama mimi. Sikumbuki Jumamosi tamu kuliko zile. Harufu ya chuma kinachochomelewa, karanga za kukaanga ndani ya karatasi, na gari langu likizidi kupanda kila nilipoliona! Jumapili nilipita nalo Bugembe polepole baada ya ibada, na mara moja mbuzi alivuka chini yake bila kuinamisha pembe. Watu walipiga makofi.

"Tayari?" mke wangu aliniuliza.

"Bado bamba la tumboni."

Wiki zikapita. "Tayari?"

"Bado taa za juu."

"Taa za nini, Baba watoto? Mama tutamchukua mchana."

Mvua ndefu zikaja, zikaisha. Kahawa ikachumwa, ikakaushwa, ikauzwa. Nilikuwa nimeanza kuwaza karia ya mizigo ya paani na ngazi ya kuipandia, ndipo shemeji alipotuma mtu dukani na ujumbe. Mama amemimina chai nje ya kikombe, na kikombe alikuwa amekishika mwenyewe. Mke wangu aliusikia ujumbe huo akiwa amesimama mlangoni. Hakuniuliza kama tayari. Alikwenda kufunga nguo.

Kesho yake tulipanda. Lile jiwe lilipita chini ya tumbo letu bila hata kugusa, na mimi nikapiga honi kulidhihaki. Tope la mvua ya usiku lilikuwa jekundu, laini kama sabuni, lakini gari lilishika kwa magurudumu yote manne na kupanda huku likiunguruma, migomba ikitupiga madirishani. Wanawake wakapiga vigelegele kutoka mashambani. Nilipozima injini uani, nilijiona mtu mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Kwa Wagisu, kama kwetu Wasoga, mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hali naye, wala hamtazami usoni. Hata maneno hupitia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo niliteremka, nikaenda kukaa nyuma ya jiko, nikaupa mlango mgongo. Nilisikia fimbo yake ikija. Nilisikia kiganja chake kikipapasa tairi, kikipanda, kikiendelea kupanda. Nilisikia kikisimama.

"Hapa ndipo pa kuingilia?"

"Ndiyo, mama," mke wangu alisema.

"Mwambieni mkwe nashukuru sana. Mimi niliambiwa litakuja gari. Hili ni ghorofa."

Wakaleta kigoda. Uwanja ulikuwa na mteremko, kigoda asichokiona kikayumba chini ya mguu wake, akaurudisha mguu chini haraka. Shemeji akasema basi ngoja nikubebe, ni kitendo cha mara moja.

"Mbele ya mkwe? Nibebwe kama gunia la kahawa?"

"Mkwe ametazama kwingine, mama."

"Na masikio yake je? Nayo yametazama kwingine?"

Fimbo ikageuka, ikarudi ndani. Nilimsikia akikaa na kumwambia mtu amletee viazi amenye, maana safari imekwisha.

Mke wangu alikuja nyuma ya jiko. Hakulia wala hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kwangu kama angepaza.

"Umelipandisha mpaka mama halifikii. Lishushe."

"Fundi yuko Mbale."

"Sikusema fundi." Alichukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda mbele ya magurudumu ya gari langu, akaanza kuchimba.

Sote tulielewa kwa pamoja. Shemeji alileta jembe lake, majirani wakaleta yao, nami nikavua shati la safari. Tulichimba mifereji miwili yenye upana wa tairi, na mmoja wetu alikuwa akiingia ndani ya mfereji kupima kina kwa goti lake.

"Majembe haya haya, shemeji," kaka wa mke wangu alisema akihema, "yangelimaliza lile jiwe asubuhi moja."

Niliendelea kuchimba.

Kicheko kikaanza hapo, mmoja akimcheka mwenzake kwa tope, wote wakinicheka mimi. Mama mkwe akasikia vishindo vya majembe, akajitokeza mlangoni akiwa na kiazi mkononi.

"Mnachimba nini? Nani amekufa?"

"Gari, mama!"

Nilipoingia na kulisogeza mbele, likazama kwenye mifereji yote miwili taratibu mpaka sakafu yake ikawa sawa na uwanja. Msimu mzima wa chuma na moto, na majembe yakalishusha kabla chai haijachemka. Nilirudi nyuma ya jiko. Safari hii fimbo ilikuja, ikagusa, na mama mkwe akaingia kama anavyoingia jikoni kwake.

Walitundika kitenge kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Mimi nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa, maana kioo hakijui adabu. Kisha ikabaki kazi ya kutoka shimoni. Nilitia gia ya kwanza. Gurudumu moja likazunguka bure, la pili likatapika tope juu ya waliokuja kuaga, kisha la mbele likang'ata, la nyuma likang'ata, na gari zima likajivuta nje kwa mikono yake, huku mlima wote ukipiga kelele. Nyuma ya kitenge nilisikia kicheko chembamba nisichowahi kukisikia. Yule mama alikuwa anacheka.

Kwenye lami, maneno ya fundi yalithibitika. Gari lilicheza ngoma kila kona. Nilipoongeza mwendo liliinama huku na huku, basi nikaenda polepole, na malori ya ndizi yalitupita, na trekta likatupita, na dereva wake akatupungia mkono kwa huruma.

"Mama anauliza," mke wangu alisema kupitia kitenge, "kama tumebadilisha, sasa tumepanda ng'ombe."

"Mwambie tunakaribia."

"Anasema hata ng'ombe aendaye machinjioni huambiwa hivyo."

Tulifika Bugembe jua likizama, na kesho yake tukaenda kwa daktari. Alimulika jicho la kulia kwa muda, kisha la kushoto kwa muda mfupi zaidi. Jicho la kulia angelifanyia kazi. La kushoto presha ilikuwa imekwisha kuliua. "Mngemleta kabla ya mvua," alisema, si kwa ukali, akiandika.

Kabla ya mvua, gari lilikuwa gereji likiwekewa bampa. Mke wangu hakunitazama, na hakuhitaji kunitazama.

Baada ya kupasuliwa, mama mkwe alipumzika katika chumba chetu cha nyuma, jicho la kulia limefungwa bendeji. Jioni moja nilisimama nje ya pazia la mlango wake, nikamwambia mke wangu aliyekuwa ndani pamoja naye: "Mwambie mama, hilo la kushoto ni mimi. Gari lilikuwa linatosha tangu lilipotoka melini. Nilikuwa nachezea."

Mke wangu alimwambia kwa Kigisu, maneno yote, bila kunipunguzia. Nilisubiri. Sauti ya mama mkwe ilikuja fupi.

"Anasema amesikia," mke wangu alisema.

Zaidi ya hapo sikuambiwa, na ilikuwa haki yake. Hata sasa nimezeeka, na macho yangu mwenyewe yameanza kuomba miwani, nikilifikiria jicho lile huwa naona haya.

Bendeji ilitolewa. Mke wangu alinisimulia kwamba kwanza mama yake alitazama dirisha, kwa muda mrefu, kisha mikono yake mwenyewe, kisha akamtazama yeye na kusema, "Una mvi! Nani alikupa ruhusa?" Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na kelele. Alichambua mchele akatoa mawe tuliyokuwa tukiyala miaka yote. Aliona buibui wa pembeni, akaona kifungo kilichopungua kwenye shati la mjukuu, akakishona mwenyewe baada ya kutunga uzi mara kadhaa akiwafukuza waliotaka kumsaidia.

Mimi nilijifunza kukohoa kabla ya kuingia uani, ili apate nafasi ya kujificha. Lakini siku moja nilitoka dukani mapema nikiwa na mkate, mawazo yangu kwenye baiskeli ya mteja, na sikukohoa. Nilisukuma lango, na yeye alikuwa palepale akianika nguo. Akanitazama mzima, kutoka kichwani hadi miguuni.

Tulipeana mgongo papo hapo, kama inavyotakiwa. Nilisubiri fedheha. Badala yake, nyuma yangu nikasikia kile kicheko chembamba, kikianza kidogo na kupanda.

"Kumbe ni mfupi!" alimwambia binti yake kwa Kigisu, na maneno hayo niliyaelewa vizuri. "Mfupi hivi! Sasa nimelielewa lile gari!"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye nguo zilizofuliwa. Nami nilibaki langoni, nimewapa mgongo, mkate kwapani, nikicheka mpaka machozi, na kila nilipodhani wamemaliza, mama mkwe alilirudia neno lile lile, polepole zaidi, kwa utamu.