Kibanda Kilichoipa Njia Mgongo

Nilichokiona ni hiki: barieri moja, kibanda cha walinzi, bunduki nne, na shingo za wanaume wengi. Yaliyobaki niliyasikia, na kila yatakapopita hapa nitasema kwamba niliyasikia, ili msomaji asiyachanganye kama walivyoyachanganya waliokuwa na amri juu yetu.

Nilikuwa anfirmiye, muuguzi wa Leta, yaani serikali, huko Kabambare, katika siku za Wabelgiji. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini nikipapasa shingo za watu, kutafuta tezi zilizovimba, ambazo ni dalili ya ugonjwa wa malale. Mkono unaopapasa shingo hugusa pia bega na mbavu, na kwa hiyo hujua mtu ameshiba au ameshinda njaa, hata kinywa chake kikisema vingine.

Milimani, upande wa mawio ya jua, alikuwako mkuu mmoja aliyejifungia pamoja na watu wake. Alilaza gogo njiani liwe barieri, akakataza watu kwenda sokoni, akakataa kushuka alipoitwa na Leta. Yaya wangu, dada mkubwa aliyenilea baada ya mama yetu kufa, alikuwa ameolewa huko. Tangu njia ifungwe sikuwa nimemwona. Huko Kabambare ilisemwa kwamba mkuu huyo alikuwa na bunduki mia na depo, ghala la silaha, na kwamba kiangazi kikiingia atatushukia. Leta ikiamini hivyo, ingepeleka askari wengi. Na askari wengi wakiingia mahali, hawachagui nyumba. Hilo la mwisho sikuambiwa. Nililiona kwa macho yangu nilipokuwa kijana, mahali pengine.

Mkuu alikuwa na mtoto aliyesinzia mchana kutwa. Kwa ajili ya mtoto huyo alikubali nipite, mimi peke yangu. Bwana mkubwa wa teritware, Mbelgiji aliyetawala wilaya yetu, alinipa agizo moja tu:

"Hesabu bunduki."

Nilipofika kwenye barieri, kitu cha kwanza nilichokiona ni kibanda cha walinzi. Kilikuwa kimeipa njia mgongo. Mlango, benchi na mafiga, vyote vilielekea kijijini. Mtu aliyetoka Kabambare angeweza kuufikia ukuta wa nyuma na kuuegemea bila kuonwa. Aliyetoka kijijini asingefika popote.

Wanaume walipangwa mstari. Ndio waliokuwa jeshi lenyewe. Nilipapasa shingo moja baada ya nyingine, na chini ya vidole vyangu nilikuta mifupa. Baadhi yao walikuwa wamevimba miguu kwa njaa. Nilipobonyeza, shimo la kidole lilibaki.

Siku hiyo ilikuwa ya matanga ya mama wa mkuu. Kwetu mkubwa akifa, bunduki hulia. Milio ya uwanjani haikuwa na mwisho, na mtu aliye mbali angedhani bonde zima limeshika silaha. Lakini mimi niliwekwa nyuma ya nyumba, nikimtazama mtoto mgonjwa. Hapo niliwaona wanaume wanne wakitoka uwanjani mbio, wakishindilia baruti katika magobori yao, wakibadilishana vitambaa vya kichwa, kisha wakiingia tena kwa upande wa pili. Mmoja alichoka akaketi. Mlinzi alimpiga teke, akainuka, akaenda kufyatua.

Yaya nilimkuta kwenye mstari wa wanawake.

"Weye munganga wa shingo," alisema kwa sauti, "shingo ya yaya wako umeisahau? Shika basi, kama utaona iko wapi."

"Nyamaza, yaya. Ninahesabu."

"Unahesabu nini? Mbavu? Ziko zote, hakuna mutu aliiba hata moja."

Wanawake walicheka, hata mlinzi akacheka. Baadaye nilimfuata mtoni, alikokuwa akiloweka mihogo. Aliizungushia mawe madogo, kama mama yetu alivyokuwa akifanya, ili maji yasiichukue. Ilikuwa michache na myembamba.

"Ile depo yake iko bure," aliniambia akiwa ameinama. "Kinu na maganda ya mahindi, basi. Mimi ndiye naifagia. Waambie. Lakini usiseme ni mimi."

"Twende pamoja."

"Na watoto? Niwaachie kinu?" Alibonyeza muhogo mmoja. "Hii itakuwa laini siku ya tatu. Siku hiyo na weye utakuwa umefika Kabambare."

Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa depo. Ulikuwa na mnyororo, na mlinzi alinirudisha.

Nilirudi Kabambare nikamkuta Bwana mkubwa barazani pamoja na mchuuzi wa vitambaa kutoka Kasongo, aliyekuwa amepiga kambi chini ya mlima siku ya matanga.

"Huyu anasema bunduki mia," Bwana alisema. "Wewe?"

"Nimeona nne." Nikamweleza habari za nyuma ya nyumba, za kibanda, na za miguu iliyovimba.

"Na depo?"

"Sikuingia. Nimeambiwa ni tupu."

"Na nani?"

"Na mtu ninayemwamini."

Mchuuzi aliangua kicheko. "Eh, munganga! Kila mulio una bunduki yake. Ao bunduki za kwenu zinazaa?"

"Masikio yako hayakuzunguka nyuma ya nyumba," nilimjibu.

"Na macho yako hayakuingia mu depo!"

Bwana mkubwa aliinua mkono. "Huyu hana shaka. Wewe unayo. Nikipeleka askari wachache na depo ikawa imejaa, watakufa. Nikipeleka wengi na ikawa tupu, nani atakufa?"

"Walio ndani, Bwana."

Alinitazama kama mtu aliyejibiwa swali ambalo hakuuliza. Nilirudia jibu langu. Alikuwa amekwisha kumgeukia mchuuzi, akimuuliza habari za njia.

Tangu siku ile sina imani na mizani ya wakubwa. Anayetenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia huonekana mwoga. Anayeyakoroga pamoja huitwa shahidi.

Askari walipanda mlimani. Mimi nilifuata siku moja nyuma yao, nikiwa na sanduku la bandeji, na sikulifungua kwa askari hata mmoja. Kama kulikuwa na mapigano, sikuyaona. Mkuu, wengine walisema alikamatwa, wengine alitoroka. Mlango wa depo ulikuwa chini. Ndani niliona kinu, maganda ya mahindi na ufagio. Nyumba zilikuwa majivu, na mtu hakuwako. Niliambiwa wanawake walivuka mto Lualaba na watoto. Niliambiwa pia kwamba hawakuvuka. Miaka yote hii sijapata aliyewaona.

Nilishuka mtoni. Mawe ya yaya yalikuwa mahali pake, na ndani yake mihogo mipya. Nilitia mkono majini nikabonyeza mmoja, kisha mwingine, mpaka wa mwisho. Ilikuwa bado migumu.