Kiondo cha Mkono wa Kushoto

Mama yangu, Loise, ana miaka sabini na sita. Amelima kwetu Bura, kijiji cha milimani, tangu akiwa msichana, na sijawahi kumwona amekaa bure hata siku ya Krismasi. Mwaka jana alisahau sufuria motoni mara mbili, kisha akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikampeleka kliniki Voi. Nesi alituambia mambo ya kawaida tu: atembee kila siku, alale vizuri, ale mboga na maharagwe, apunguze chumvi, ameze dawa zake za presha, asijifungie peke yake. Na ubongo unataka kazi, akasema. Ajifunze jambo jipya.

"Jipya lipi?" Mama akauliza. "Nianze kuendesha bodaboda?"

Tulicheka, lakini mimi roho ilikuwa juu. Kaka zangu walikuwa wamesema wazi kwamba akizidi kusahau, nyumba ya Bura itafungwa, aje akae nami Voi kwenye vyumba viwili vya kupanga, pasipo hata kipande cha kupanda sukuma wiki. Mama aliniambia, "Ukinitoa kwangu, umenizika."

Basi tukapatana. Angesuka vyondo, vikapu vya nyuzi, kazi aliyoijua tangu utotoni, ila kila kiondo kiwe na maua ambayo hajawahi kuyasuka. Maua ya kiondo ni kuhesabu nyuzi kichwani. Ukipoteza hesabu, ua linapinda na kila mtu anaona. Kila mwisho wa mwezi angenitumia kiondo kimoja, nami ningejua kichwa chake kiko sawa.

Elsie, jirani yake na rafiki yake wa miaka yote, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Usijali, Mama Daisy. Mimi nitakuwa macho yako."

Vilikuja vyondo saba, maua yamenyooka. Nilivitundika ukutani. Kaka zangu waliponipigia, niliwajibu kwa maringo kwamba Mama ni mzima kuwashinda wao.

Siku moja nilikuwa nafua kimoja, nikakigeuza ndani nje. Shule niliachia darasa la saba, lakini kusuka nilifundishwa na Mama mwenyewe. Nyuzi zilikuwa zimelalia kushoto. Mama husuka kwa mkono wa kulia. Nikavishusha vyote. Viwili vya kwanza vimelalia kulia, vitano vilivyofuata vyote vimelalia kushoto. Kule kwetu namjua mtu mmoja tu anayesuka hivyo. Akina mama wa kanisani humtania kwamba vyondo vyake vinatembea kinyumenyume.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari hadi Bura. Niliwakuta wote wawili barazani wakipukuchua maharagwe. Nikaweka kiondo mbele ya Elsie.

"Mkono wa nani huu?"

Elsie aliinama. Mama ndiye aliyejibu. "Kwani kina ubaya gani? Si kizuri?"

"Si chako, Mama."

"Mimi ndiye niliyemwomba. Wewe ulinipa mtihani, si kazi. Nikianguka, nahamishwa."

"Alilia, Mama Daisy," Elsie akasema. "Mtu mzima, analia kwa sababu ya nyuzi. Ningefanya nini?"

"Ungenipigia simu! Ulisema wewe ni macho yangu."

"Nilikuwa rafiki yake kabla hujazaliwa."

Niliingia ndani, nikainama chini ya kitanda. Vilikuwapo vitatu vya Mama, maua yamepinda, vimeachwa katikati. Pembeni palikuwa na dawa za presha, paketi hazijafunguliwa.

Nilipomrudisha kliniki, walisema presha ilikuwa juu sana na sikio moja halisikii vizuri. Mambo ya kutibiwa, nesi akasema, na yote huumiza kumbukumbu. Kisha akaniuliza mbona tumechelewa. Miezi mitano ya vyondo vya Elsie!

Nyumba ya Bura ilifungwa, na sasa Mama anaishi nami Voi. Tunatembea pamoja asubuhi kabla jua halijawa kali, dawa anameza nikimwona, na anasuka akipenda. Hakuna anayemkagua. Huenda kweli niliufanya uzi kuwa mtihani. Lakini kila nikiutazama ukuta pale vilipokuwa vyondo, nasikia "nitakuwa macho yako."

Jumapili iliyopita Derrick, mwana wa Elsie, alileta kiondo cha mboga kutoka kwa mama yake. Nilizimwaga mezani, nikamrudishia kiondo, nikafunga mlango. Kwetu kiondo cha zawadi hakirudi kitupu. Hata chumvi kidogo utatia. Mimi sikutia kitu.

Mama, niliyedhani amesinzia kitini, akafungua macho. "Umekirudisha kitupu?"

"Ndiyo."

Aliinuka bila fimbo, akafungua mlango. "Derrick! Rudi hapa." Akachukua kiondo kipya alichomaliza kusuka, ua lake limepinda kama njia ya mbuzi, akakitia ndani ya kile cha Elsie.

"Mwambie mama yako hiki nimesuka mwenyewe."

Nilibaki nimeshika mlango hadi Derrick akapotea kwenye kona. Salamu kwa Elsie sikutuma.