Shikamoo ya Kona ya Jiwe

Mjomba Yeremia aliishia darasa la saba, lakini injini zinamsikiliza kuliko zinavyomsikiliza mwalimu wetu wa fizikia. Miaka kumi na moja alitengeneza baiskeli za watu Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga. Aliporudi kijijini kwetu, juu ya Mkuyuni, alikuja na baiskeli nyeusi aliyoifunga injini ya mashine ya kukatia majani. Inanguruma kama nyuki waliochokozwa. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti kwenye ukoo, kwa hiyo ilibidi niwe upande wake. Ila hata asingekuwa mjomba wangu, ningekuwa.

Mama Prisca, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mboga, alikuwa anatafuta mtu wa kushusha kabichi sokoni Mkuyuni na kupandisha mbolea. Mjomba akaiomba kazi hiyo. Wanakikundi wakacheka.

"Kushuka hata jiwe linashuka," alisema Mama Prisca. "Kupanda je? Nasikia ukifika Kona ya Jiwe unaisukuma. Hiyo ni baiskeli au mkokoteni?"

"Inapanda, mama. Na mzigo juu."

"Nani ameona?"

"Njoo uone mwenyewe."

"Na magoti haya? Niletee kitu cha kuona hapahapa. Jumapili baada ya misa tunaamua."

Mjomba hakula vizuri jioni ile. Aliyemwita mwongo si mtu wa mbali, ni jirani aliyemjua tangu mtoto.

Nilikuwa likizo, niko kidato cha tatu mjini. Darasani kwetu kuna Chirag, baba yake anauza spea za baiskeli. Ana kamera ndogo, inaenea kiganjani, ile wanayofunga watu wa michezo. Nikashuka mjini kumwomba.

"Lucy, ikivunjika mimi sikujui," alisema, akanipa.

Ijumaa tuliifunga kwenye usukani kwa vipande vya tyubu, vilevile mjomba anavyofungia kabichi kwenye keria. Ilishika kweli. Lakini tulipotazama picha kwenye simu yangu, injini ilikuwa imeitikisa mpaka mlima wote ukawa kama uji unaokorogwa. Mjomba akasema, "Kichwa changu ndicho hakitikisiki sana." Akakunja kipande cha ndala chini ya kamera, akaifunga juu ya helmeti yake. Alionekana kama ameota kichuguu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mjomba, sharti moja tu. Tazama mbele. Usiinamishe kichwa hata kidogo."

"Sawa, mwalimu."

Jumamosi akafunga mfuko wa mbolea nyuma, akaanza kupanda kutoka Mkuyuni. Mimi nilimngoja juu. Nilisikia injini ikikohoa, ikinyamaza nyuma ya mgongo wa mlima, ikirudi. Akatokea amekaa kwenye kiti, jasho tupu, anatabasamu. Tukakimbilia kutazama.

Njia ilionekana safi! Migomba, mto, vumbi. Kona ya Jiwe ikaanza kuja, ile sehemu mwinuko unaposimama kama ngazi. Halafu pembeni akatokea Babu Agustino na jembe begani. Sauti ya mjomba ikasikika, "Shikamoo, babu!" na picha nzima ikaanguka chini. Kona yote, kamera ilitazama ardhi.

"Nimeharibu," mjomba alisema taratibu. "Lakini Lucy, ningempitaje mzee nimekaza shingo?"

Petroli ilikuwa imekwisha na kesho yake ndiyo Jumapili.

Baada ya misa tulisimama nje ya kanisa, wanakikundi wametuzunguka. Nikaiwasha video kwenye simu. Ikafika kwenye ile shikamoo, picha ikaanguka, mtu mmoja akaguna, "Si nilisema? Hapo ndipo anaposhuka."

"Nyamaza," alisema Mama Prisca. "Mtoto, rudisha. Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaisogeza simu karibu na macho. Ilionekana miguu ya mjomba ndani ya katambuga, vile viatu vya mpira wa gari, imetulia juu ya pedali, haizunguki, haigusi chini. Pembeni yake tairi la mbele linapanda juu ya mawe. Nikaiachia iendelee, ikasikika sauti ya Babu Agustino, "Marahaba! Kumbe inapanda!"

"Anayesukuma miguu yake iko chini," Mama Prisca alisema. "Hii imekaa kama ya bwana harusi." Watu wakapasuka kicheko. Akamgeukia mjomba. "Yeremia, nilikusema vibaya. Jumatano uanze na kabichi zangu."

 Mjomba aliivua kofia, akaivaa tena, akaivua.

Njiani nilimwambia naweza kuikata video, zibaki sehemu nzuri tu, njia na migomba, niwaonyeshe wenzangu shuleni.

"Kata unachotaka," alisema, kifua mbele. "Ila ile shikamoo usiiguse."