Damu ya Msimu wa Mabibo

Mabibo yakianza kuoza chini ya mikorosho, kijiji chetu kizima cha Mnyambe hunuka utamu uliochachuka. Wengine wanaipenda harufu hiyo. Mimi siitaki hata kuisikia. Nilikuwa binti wa miaka tisa. Maji tuliyafuata bondeni, mlima wa kukata pumzi, kwa hiyo yalipimwa, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea baba kopo lake la chooni. Msimu ule akaanza kuomba makopo mawili, mara matatu. Mama akanung'unika. Siku moja nikaingia chooni baada yake, nikaona damu sakafuni ambayo maji hayakutosha kuiondoa.

“Mabibo hayo, mwanangu,” baba akasema, hanitazami. “Nimekula na njaa, yamenikwaruza. Usimwambie mama yako.”

Nami nikaamini, jamani! Mambo ya chooni ya baba, mtoto wa kike unaanzaje kuyatamka? Korosho zikaenda ghalani, mabibo yakaisha, damu haikuisha, na mimi kimya. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini maradhi yale tuliyaficha wawili. Baba akakonda, choo kikawa cha shida, mganga akamchanja chale kuzunguka kitovu kwa kuwa ndipo paliposokota. Alipofikishwa hospitali tumbo lilikuwa limeziba kabisa. Tukamzika kabla mikorosho haijachanua tena. Baada ya arobaini nikamweleza mama yote.

“Kumbe ulijua?” akaniuliza. Afadhali angenichapa.

Sasa naishi Masasi, mtu mzima mwenye watoto. Juzi nilikwenda kupima utumbo kwa sababu ya baba, na daktari akanieleza taratibu: saratani ya utumbo mpana inaweza kuanza popote, ila mara nyingi huota huku mwishoni, kwenye kona ya chini kushoto na kwenye puru, karibu na njia ya haja. Ikiwahiwa hutibika, na nyingine daktari huigusa kwa kidole. Kidole! Sisi tulihangaika na kitovu. Na leo, pamoja na simu na bodaboda zote hizi, wanaume wetu bado wanavuja damu na kusema ni bawasiri, wanaona haya.

Nikapanda Mnyambe kumwona mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wamesemaje?”

“Niko salama.”

Akaendelea kuchambua mbaazi. “Na baba yako, angewahi, angepona?”

“Asingepona, mama.”

“Alhamdulillahi,” akasema, na uso wake ukalegea, mara ya kwanza tangu utoto wangu. Nilikuwa nimemdanganya.