Wimbo wa Pili Ulikuwa Wapi

Kwaya ya akina mama wa kanisa letu pale Misiera, katika kambi ya wakimbizi, ilikuwa ikiimba kwa kichwa. Vitabu vya nyimbo vilibaki Kivu tulipokimbia, na kiongozi wao, mjane aliyelima mahindi jirani na shamba letu, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye aliyekumbuka kila wimbo pamoja na namba yake. Nilipoanza kusoma kompyuta Mbarara nilimwomba tuziingize nyimbo hizo kwenye laptop ya kanisa. Wakati wa likizo, jioni tukishatoka shamba, yeye aliimba na mimi nikaandika. Mara nyingi nilisahau kuandika, nikabaki namsikiliza tu.

Tulipomaliza, nikaiamuru kompyuta izipange kwa namba. Ukaja wa 1, ukafuata wa 10, halafu 100, halafu 101. Mama akavaa miwani.

"Mwanangu, ya pili iko fasi gani?"

Nikateremka sana kwenye orodha mpaka nikaupata, chini ya wa 199.

"Hii mashini haijue kuhesabu?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi niliona haya, maana nilikuwa nimeisifu sana mbele ya kwaya nzima.

Niliporudi Mbarara niliibeba laptop, nikamwonyesha mwalimu wangu, dada mmoja Mnyankore asiye na haraka.

"Sebo, wewe uliambia kompyuta hii safu ya namba ni maneno," alisema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Sasa inapanga kama kamusi. Zote za kuanza na moja zinapita kwanza. Mbili inangoja."

"Nibadilishe safu iwe ya namba?"

"Jaribu."

Nikajaribu, ikakataa. Tukapekua mpaka tukakuta 47b, wimbo unaoimbwa kwa namna mbili, ya Uvira na ya milimani. Kwa ajili ya herufi hiyo moja nilikuwa nimechagua maneno. Mwalimu akaniambia niihamishie herufi kwenye safu yake, namba zibaki peke yake. Nikapanga upya: 1, 2, 3, 4.

Niliporudi Misiera, Mama alizikagua zote, akiimba mstari wa kwanza wa kila wimbo, wala hakuharakisha. "Sasa iko muzuri," alisema, akaenda kupika.

Jumapili iliyofuata maneno ya nyimbo yalionekana ukutani kwa projekta. Kulikuwa na familia iliyofika kambini juzi tu, imeketi benchi la nyuma. Mama aliponiomba wimbo wa pili niliufungua mara moja, na wale wageni wakaimba pamoja nasi tangu ubeti wa kwanza.