Mke Asiyekasirika

Jumapili hiyo Wambeti aliangalia sherehe ya tuzo za filamu kwa sababu kila mtu pale Kianjokoma alikuwa na pa kwenda isipokuwa yeye. Waumini walipita barabarani wakitoka kanisani, sauti zao zikamfikia dirishani, kisha zikapotelea mteremkoni kwenye mashamba ya chai.

Mumewe, Misheck, alikuwa kwenye kitanda walichokileta sebuleni baada ya kiharusi kumwangusha akichuma chai. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno machache yaliyombakia yalitoka kwa shida kama gari kwenye matope. Wambeti alimlisha, akamwosha, akamgeuza ubavu huu na huu ili ngozi isichubuke. Chama cha akina mama, alichokuwa mwenyekiti wake, kilimngoja mpaka kikachoka, kikachagua mwingine. Runinga waliletewa na mwana wao Muriithi, anayefanya kazi Nairobi. "Iwachangamshe," alisema, na jioni ile ile akarudi zake.

Basi Wambeti akawa mtazamaji, tena mwenye ulimi. Gauni zile za kuburuta alisema zinawafagilia wenye ukumbi bure. Mshereheshaji alimwita mtu anayecheka kabla ya wageni. Mshindi mmoja alishukuru Mungu, mama, shangazi na majirani mpaka muziki ukamfukuza.

"Angepewa muda angeshukuru na mbuzi wao," Wambeti alimwambia Lydiah, jirani aliyepita kumletea maziwa akakalishwa na chai. Lydiah akacheka. Misheck naye akatabasamu kwa nusu ya mdomo.

Ikafika zamu ya mwigizaji bora wa kike. Mmoja wa walioshindania tuzo hiyo alikuwa amecheza mke anayemuuguza mume aliyepooza. Filamu hiyo wote watatu walikuwa wameitazama humo humo sebuleni. Wakaonyeshwa kipande: mke anampangusa mume paji la uso huku akiimba pole pole.

"Huyu ndiye atashinda," Lydiah alisema. "Mimi nililia!"

"Asishinde."

"Kwa nini, Mama Muriithi? Si ni wewe kabisa?"

"Si mimi!" Wambeti aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Huyo hakasiriki. Filamu nzima hakasiriki! Anaamka akiimba, analala akiimba. Hakuna siku amesimama kwa mlango akaangalia barabara. Hakuna siku ameomba Mungu amchukue huyo mzee, ama amchukue yeye, bora mmoja wao atoke hapa."

Ukumbini makofi yakalipuka. Msichana yule alikuwa ameshinda. Alipanda jukwaani akilia, akasema alikaa wiki nzima na mke wa mgonjwa na kujifunza upendo ni nini. Lydiah alikodolea macho chai yake. Hapo ndipo Wambeti alipokumbuka kwamba kitanda kiko nyuma ya mgongo wake.

Lydiah aliaga upesi. Wambeti hakugeuka. Alibaki ametazama runinga asione kitu, mpaka aliposikia nyuma yake, "Kweli."

Kisha tena, kwa kujikokota: "Hata... mimi."

Akageuka. Machozi ya Misheck yalikuwa yakitelemka kuelekea sikioni.

"Hata wewe uliomba hivyo?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Nani atoke?"

Misheck aliinua mkono wake mzima, akajigusa kifuani. Halafu akamwelekezea yeye kidole, kisha mlango.

Wambeti aliketi ukingoni mwa kitanda. "Niende wapi, Baba Muriithi? Na nikienda, nani atakugeuza?"

Walikaa hivyo mpaka sherehe ikaisha na matangazo ya sabuni yakaanza.

Alhamisi Lydiah alikuja bila kuitwa, akavua sweta. "Nenda chamani. Leo nitakaa na mzee."

Wambeti alijifunga kitambaa kichwani akaenda. Wenzake walimkumbatia, wakampisha kiti cha mbele. Lakini masikio yake yalikuwa nyumbani. Kabla chai haijamiminwa aliinuka akaomba ruhusa, akapanda mlima kwa haraka, karibu kukimbia.

Alimkuta Misheck amegeuzwa, mto uko mgongoni panapostahili, shuka limenyooshwa. Lydiah alimtazama kwa mshangao. Wambeti alisimama katikati ya sebule yake, akihema, asijue aweke wapi mikono.